Anga la Kampala na Wapimaji Wake

Kabla chombo chochote cha kupimia hewa hakijafika kaskazini mwa Ziwa Nyanza, anga la Buganda lilikuwa na wenyewe. Kiwanuka alikuwa lubaale, yaani mungu, wa radi na ngurumo. Mukasa alilimiliki ziwa pamoja na dhoruba zake. Upinde wa mvua ulikuwa wa Musoke. Imani hizi zilibeba maarifa. Watu walioishi kwa migomba, kwa uvuvi na kwa safari ndefu za mitumbwi walilazimika kuujua upepo wa usiku utokao nchi kavu na upepo wa mchana utokao ziwani, na yale waliyoyajua waliyaweka mahali palipokuwa salama kuliko pote: katika ibada na katika vinywa vya wazee. Kilichokosekana ni namba, na bila namba mjukuu hawezi kulinganisha mvua yake na ya babu yake.

Namba zilikuja na wageni. Mapema mwaka 1862 John Hanning Speke alifika kwa Kabaka Mutesa I akiwa na vipimajoto vya kuchemshia maji. Maji huchemka kwa joto dogo zaidi kadiri hewa inavyopungua uzito, kwa hiyo sufuria jikoni ilitosha kumwambia msafiri yuko juu ya bahari kwa kiasi gani. Leo tunajua kuwa ziwa liko takriban mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hapo hewa ya Buganda ilipimwa, lakini ilipimwa kwa ajili ya ramani ya mtu mwingine, na matokeo yakachapishwa London. Desturi hiyo ya kupimia hapa na kuandikia kwingine ingedumu zaidi ya karne moja.

Himaya ya Uganda ilipotangazwa mwaka 1894, makao ya serikali yaliwekwa Entebbe, na mwaka 1896 ukaanza utaratibu wa kusoma kimo cha maji ya ziwa kwenye kijiti chenye alama za vipimo. Ni kazi duni kwa kuitazama: mtu hushuka ufukweni, husoma alama, huandika, hurudi kesho. Sababu zake hazikuwa duni hata kidogo. Waingereza walikuwa wameishika Misri, na Misri iliishi kwa maji ya Nile. Kila sentimita ya Nyanza ilikuwa na maana kwa mashamba ya pamba yaliyo maelfu ya kilomita kaskazini. Mwaka 1923 mtaalamu wa hali ya hewa wa Uingereza, C. E. P. Brooks, aliilinganisha rekodi hiyo na idadi ya madoa ya jua, akaona vinapanda na kushuka pamoja. Ulimwengu wa sayansi ulisisimka. Kisha miaka ikaendelea kupita, kijiti kikaendelea kusomwa, na uhusiano ule ukavunjika. Robo karne ya vipimo ilikuwa imetosha kuwashawishi wataalamu, haikutosha kuwathibitishia. Kisa hiki kimebeba historia yote inayofuata, kwa maana thamani ya kipimo cha anga haiko katika siku moja ya ugunduzi. Iko katika maelfu ya siku ambazo hakuna jipya lililoonekana, na bado mtu alipima.

Mwaka 1929 ikaundwa idara moja ya hali ya hewa kwa Afrika Mashariki ya Waingereza, chini ya Albert Walter aliyetoka Mauritius, makao yake Nairobi. Miaka miwili baadaye ndege za Imperial Airways zilikuwa zimefika kwenye ziwa, na muda si mrefu ndege zitulizo majini zikawa zinashuka Port Bell, karibu kabisa na Kampala. Rubani wa wakati ule alihitaji kujua mawingu yako wapi, kwani bonde la Nyanza ni miongoni mwa sehemu zenye radi nyingi zaidi duniani. Usafiri wa anga ndio uliolazimisha vituo viongezeke, saa za kusoma vipimo zifanane, na taarifa zipelekwe kwa simu ya maandishi kila siku. Vituo vya Uganda vilipima. Nairobi ilichora ramani. Utaratibu huo ulipita vita vya dunia na ukapita uhuru wa 1962. Ndio ulioshuhudia mvua kubwa za mwishoni mwa 1961, ambazo ndani ya miaka mitatu zililiinua ziwa kwa zaidi ya mita mbili. Mei 2020, ziwa lilipofikia tena kimo hicho na kukipita kidogo, walioweza kusema kuwa halijawahi kuwa juu hivyo tangu lianze kupimwa walikuwa wanasimama juu ya kazi ya makarani wa 1964.

Wakati huo mpimaji wa aina nyingine alikuwa ameshapanda juu. Aprili 1960 Marekani ilirusha TIROS-1, setilaiti ya kwanza ya hali ya hewa iliyofaulu. Miaka saba baadaye Afrika Mashariki yenyewe ikawa mahali pa kurushia: tarehe 26 Aprili 1967, kutoka jukwaa la baharini la Waitalia huko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, ilipaa San Marco 2. Profesa Luigi Broglio aliisanifu ipime msongamano wa hewa nyembamba ya juu kwa kuhisi jinsi hewa hiyo inavyokiburuta chombo. Njia yake iliikumbatia ikweta, mwinamo wake ukiwa kama digrii 3 tu, na kwa kuwa Kampala iko theluthi moja ya digrii kaskazini mwa ikweta, setilaiti hiyo ilipita karibu na juu ya mji huu mara nyingi kwa siku. Iliungua Oktoba mwaka huohuo. Nyingine za jina hilo zilifuata, ya mwisho Machi 1988, kisha jukwaa likanyamaza. Naona ni jambo la kusikitisha kwamba vitabu vyetu vya shule havisemi kuwa utafiti wa angahewa kwa setilaiti ulifanyika katika pwani yetu wenyewe.

Mwaka 1977 unastahili aya yake. Julai ya mwaka huo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na idara ya pamoja ya hali ya hewa ikavunjika nayo. Uganda ilibaki na vituo vyake chini ya Idi Amin, kisha ikaja vita ya 1979 na vita vilivyofuata. Vifaa viliibwa, wasomaji wa vipimo walikimbia, na daftari nyingi zina kurasa tupu kwa miaka hiyo. Novemba ya mwaka uleule wa 1977 Ulaya ilirusha Meteosat ya kwanza, ikatuama juu ya Ghuba ya Guinea huku Afrika nzima ikiwa mbele ya macho yake. Oktoba 1978 Marekani ikarusha Nimbus 7 yenye kifaa cha kupima ozoni. Basi pale ambapo macho ya ardhini yalifumbwa, macho ya juu yalifunguka. Bila sadfa hiyo, robo ya mwisho ya karne ya 20 ingekuwa pengo kubwa zaidi katika historia ya anga la Uganda.

Kizazi cha setilaiti za Marekani kilichofuata ndicho kilichozeeka mbele yetu. Terra ilirushwa Desemba 1999, Aqua Mei 2002, na Aura, iliyotengwa mahususi kwa kemia ya angahewa, tarehe 15 Julai 2004. Aura iliundwa ihudumu kama miaka 5. Miaka 20 baadaye ilikuwa bado inafanya kazi.

Ifuatilie siku moja ya kazi yake, kama ilivyokuwa kwa miaka yake mingi. Iko kilomita 705 juu, na huizunguka dunia kwa dakika 99 hivi, ikipita karibu na ncha zote mbili. Mchana huvuka ikweta ikitoka kusini kwenda kaskazini, saa 7 na dakika 45 kwa mwendo wa jua; kwa saa za ukutani za Kampala, ambazo hufuata longitudo ya mbali mashariki, huwa ni karibu saa 8 na nusu, ikisogea mbele au nyuma kulingana na njia ya siku hiyo. Chini, kwenye maegesho ya zamani ya taksi, injini zinanguruma zikisubiri abiria. Muuza rolex za chapati na mayai amepepea sigiri yake na moshi wa mkaa unapanda. Boda boda zinatimua vumbi jekundu. Kuimaliza Uganda yote, kutoka mpaka wa Tanzania hadi wa Sudan Kusini, huichukua Aura takriban dakika moja na nusu. Katika muda huo kifaa chake kiitwacho OMI, kilichotengenezwa kwa ushirikiano wa Uholanzi na Finland, hupokea mwanga wa jua uliorudishwa na ardhi na hewa, huitenganisha kila rangi, na katika rangi zilizopungua husoma kiasi cha ozoni, cha naitrojeni dayoksaidi itokayo kwenye magari na mioto ya nyika, na cha salfa dayoksaidi. Doa moja la kifaa hicho, pale linapokuwa dogo kabisa, lina kilomita 13 kwa 24. Jiji la Kampala lina kilomita za mraba 189. Mji wote, Nakasero na Katwe, matajiri na maskini, huingia katika doa moja na nafasi ikabaki.

Kifaa cha pili, MLS, hutazama ukingo wa dunia na kusikiliza mawimbi madogo ya redio yatolewayo na molekuli zenyewe. Hukagua hewa kutoka chini kwenda juu kila baada ya sekunde 25, kama mara 3,500 kwa siku. Hakihitaji jua. Hapa ikweta ina umuhimu wa pekee: ni katika ukanda wa tropiki, panapoumuka mawingu marefu ya radi kama yale ya Nyanza na Kongo, ambapo hewa ya chini hupenya kwenda tabaka la juu na kisha kusambaa kuelekea ncha za dunia. Januari 2022, mlima wa Hunga Tonga ulipolipuka katika Pasifiki, ni MLS iliyokuwa na umri wa miaka 17 iliyoonyesha kuwa mvuke wa maji wa tabaka hilo umeongezeka kwa takriban asilimia 10.

Kila mzunguko data hushushwa kwenye vituo vya Alaska na Svalbard. Wanaoiongoza wako katika kituo cha anga cha Goddard, Maryland; hukokotoa kama kuna takataka za angani zinazokaribia, huwasha injini ndogo kurekebisha njia, huhesabu mafuta yaliyobaki. Mara moja kwa siku OMI hulitazama jua lenyewe ili kujua macho yake yamefifia kiasi gani. Umri na ajali vimedai haki zao. HIRDLS, kifaa cha tatu, kilizibwa sehemu kubwa ya tundu lake na karatasi ya plastiki iliyofunguka siku ya kurushwa. Wataalamu waliokoa walichoweza hadi kilipokwama Machi 2008. TES, cha nne, kilistaafishwa Januari 2018. OMI nayo, tangu 2007, baadhi ya safu zake 60 zimezibwa na kitu kilicho nje yake, na tatizo likapanuka 2009, hata ikawa haiwezi tena kuifunika dunia nzima kwa siku moja. Hata hivyo imeendelea. Imeona salfa ya volkano ya Nyamulagira ilipolipuka Novemba 2011, kiasi cha kilomita 420 kusini magharibi mwa Kampala. Imeona moshi wa nyika ukija kutoka kaskazini Januari na kutoka kusini Julai, mwaka baada ya mwaka.

Aura haikuaminiwa hivihivi. Tangu miaka ya 1990 Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya imekuwa ikirusha kutoka Nairobi puto lenye kipima ozoni, mara moja kwa wiki, na vipimo vya namna hiyo ndivyo vinavyotumiwa kuihakiki setilaiti. Yule karani wa Entebbe hakufa. Amebadilisha kijiti kwa puto.

Na Kampala? Mwaka 2012 sheria iliunda Mamlaka ya Taifa ya Hali ya Hewa. Mwaka 2015, Chuo Kikuu cha Makerere, kikundi cha Profesa Engineer Bainomugisha kilianzisha AirQo. Walitengeneza hapahapa kisanduku chenye mwanga wa leza unaohesabu chembe za vumbi na moshi, kikitumia umeme wa jua na kutuma vipimo kwa mtandao wa simu. Wakavifunga vingine juu ya mapaa na nguzo, vingine kwenye boda boda. Lile doa moja la OMI likagawanyika kuwa mitaa. Desemba 2022 setilaiti ya kwanza ya Uganda, PearlAfricaSat-1, mchemraba wa sentimita 10 uliojengwa na wahandisi watatu wa Uganda huko Kyushu, Japani, iliachiwa kutoka Kituo cha Kimataifa cha Anga. Vyombo vidogo vya kimo cha kituo hicho havidumu, kwa sababu hewa ileile aliyoipima Broglio huvivuta chini. Ilikuwa shule, si rekodi.

Tofauti hiyo ndiyo ninayoitilia mkazo. Machi 2025 serikali ya Marekani iliacha kutangaza vipimo vya hewa vya balozi zake, ule wa Kampala ukiwamo, vilivyokuwa vikitolewa hapa tangu 2017. Uamuzi mmoja wa mbali ulitosha. Aura nayo mafuta yake yana mwisho. Vilivyodumu katika historia hii vilidumu pale palipokuwa na mtu wa kulipwa mshahara ili arudi kesho, na bajeti ya Uganda inapaswa kumjua mtu huyo kwa cheo chake.

Rekodi ya Aura iko wazi na haiuzwi. Ile ya OMI inaanza Oktoba 2004. Mwanafunzi wa Makerere aliyezaliwa baada ya hapo anaweza leo kupakua kipimo cha hewa iliyokuwa juu ya mji wake katika juma alilozaliwa, ikiwa mawingu yaliruhusu.