Kompyuta inajizima na kuwaka yenyewe ukiweka programu? Pima haya kabla ya kukubali 'kupiga Windows'

Mstari wa kuonyesha maendeleo umefika katikati. Ghafla kioo kinakuwa cheusi, kisha nembo ya kompyuta inatokea kama vile ndiyo kwanza imewashwa. Programu haijaingia. Unajaribu tena, inajizima tena.

Kwa mwenye steshenari Kahama, Katoro au Geita mjini, hilo si jambo dogo. Kompyuta hiyohiyo ndiyo inajaza maombi ya mkopo wa HESLB, inatuma maombi ya kazi Ajira Portal na kutunza hesabu za duka. Ikisimama, wateja wanahamia duka la pili.

Jibu la haraka unalopewa mara nyingi ni moja: "Tupige Windows." Tatizo ni kwamba kama chanzo ni umeme, joto au RAM, Windows mpya nayo itazimika vilevile. Utakuwa umelipa pesa ya ufundi, na kama mafaili hayakuhamishwa kwanza, umepoteza na kazi za wateja.

Haya ndiyo mambo ya kupima, kwa mpangilio wa kuanzia yale yasiyo na gharama.

Kwa nini hutokea wakati wa kuweka programu?

Ukiandika barua, kompyuta inafanya kazi kidogo sana. Ukiweka programu kubwa, prosesa inafungua mafaili yaliyobanwa, diski inaandika mfululizo, na antivirusi inakagua kila faili linaloingia. Kompyuta inavuta umeme mwingi zaidi na joto linapanda.

Hivyo udhaifu uliokuwa umejificha unajitokeza hapo. Programu unayoweka inaweza isiwe na kosa lolote. Hata faili la programu likiwa limeharibika wakati wa kupakua, kwa kawaida utaona ujumbe wa kosa. Kompyuta nzima haizimi kwa sababu hiyo tu.

Kuzima ni kwa aina tatu

Kwanza, kuzima kulikoombwa. Programu au Windows yenyewe inataka kuanza upya ili imalizie kazi. Utaona mafaili yakifungwa na maneno yakitokea kwenye kioo.

Pili, Windows imekutana na kosa zito. Hutokea skrini ya bluu, au nyeusi katika matoleo mapya ya Windows 11, kisha kompyuta inaanza upya. Wakati mwingine inapita haraka hata huioni.

Tatu, umeme umekatika ndani ya mashine. Hakuna ujumbe wala skrini ya bluu. Ni kama mtu kachomoa waya.

Ukishajua ni aina gani, umemaliza nusu ya kazi.

Windows huandika kila kitu, soma

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr.msc, kisha bonyeza Enter. Fungua "Windows Logs", halafu "System". Tafuta dakika ambayo kompyuta ilizima, na uangalie namba hizi:

- 1074: kuzima kuliombwa. Maelezo yake yanataja jina la programu iliyoomba.
- 1001 yenye neno "BugCheck": kulikuwa na skrini ya bluu.
- 6008: kompyuta ilizimika bila kufuata utaratibu.
- 41 "Kernel-Power": kompyuta iliwaka bila kuwa imezimwa vizuri. Fungua maelezo yake utafute "BugcheckCode". Ikiwa ni 0, mara nyingi Windows haikupata hata nafasi ya kuandika kosa. Hapo shuku umeme, pawa saplai au joto.

Ukiona orodha hiyo inachanganya, bonyeza tena Windows na R, andika perfmon /rel. Utapata kalenda yenye alama nyekundu kwenye siku zenye matatizo. Ukibonyeza siku, unaona kilichotokea.

Ikiwa ni 1074

Hii ndiyo rahisi. Nenda kwenye Windows Update, acha masasisho yote yaliyosubiri yaishe, zima na uwashe kompyuta mwenyewe, ndipo uweke programu yako. Panga pia saa za kazi kwenye sehemu ya "Active hours" ili Windows isianze upya wateja wakiwa kwenye foleni.

Kama umeona hesabu ya dakika za kuzima inaendelea na una kazi haijahifadhiwa, Windows na R, andika shutdown /a. Inasitisha.

Ikiwa ni skrini ya bluu

Kwanza izuie isipite haraka. Windows na R, andika sysdm.cpl, nenda "Advanced", halafu "Startup and Recovery", bonyeza "Settings", ondoa tiki kwenye "Automatically restart". Ikitokea tena, skrini itabaki hapo. Ipige picha kwa simu. Jina la kosa lililoandikwa pale ndilo fundi analihitaji.

Kisha fuata hatua hizi:

1. Pima RAM. Andika mdsched, kompyuta itaanza upya na kujipima. Kosa lolote likionekana, zima, chomoa waya wa umeme, toa RAM, safisha meno yake taratibu kwa raba ya kufutia penseli, na uirudishe mpaka iseme "kwaa". Ukiwa na RAM mbili, jaribu moja moja.
2. Kagua diski. Fungua Command Prompt kwa ruhusa ya msimamizi, andika chkdsk C: /f, kubali kwa Y, kisha uanze upya.
3. Rekebisha mafaili ya Windows. Andika DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth, ambayo kwa kawaida inahitaji bando. Ikiisha, andika sfc /scannow.
4. Angalia draiva. Kama kuzima kulianza baada ya kuweka draiva mpya ya printa au kadi ya picha, iondoe.

Programu zinazoingia ndani kabisa ya Windows, kama draiva na antivirusi, zina uwezo wa kuangusha mashine nzima isiyo na ubovu wowote. Dunia iliona hilo Julai 19, 2024, pale sasisho lenye kosa la kampuni ya ulinzi wa mitandao ya CrowdStrike lilipoangusha kompyuta zipatazo milioni 8.5 kwa makadirio ya Microsoft. Nyingi zilikuwa zinawaka na kuzima mfululizo. Dawa ilikuwa kufuta faili moja. Hazikuhitaji kupigwa Windows upya.

Kwa sababu hiyohiyo, usiweke antivirusi mbili, na kaa mbali na programu zilizokrakiwa zinazokutaka uzime antivirusi kwanza.

Ikiwa ni 41 bila kosa: anza na umeme

Hapa ndipo mazingira ya Geita na Shinyanga yana la kusema.

Umeme wa Tanzania ni volti 230, mawimbi 50 kwa sekunde. Kila wimbi moja huchukua sehemu 20 za elfu moja ya sekunde. Pawa saplai nzuri ya kompyuta ya mezani, ikibeba mzigo wake wote, imetengenezwa kuvumilia umeme kupotea kwa takriban sehemu 16 hadi 17 tu za elfu ya sekunde. Yaani umeme ukiyumba kidogo kuliko muda wa kupepesa jicho, feni ya ukutani inaendelea kuzunguka, taa inacheza kidogo tu, lakini kompyuta imeshazima.

Na vitu vya kuyumbisha umeme ni vingi: makarasha ya kusaga mawe ya dhahabu yanayotumia umeme, mashine za kukoboa mpunga, pampu za maji na mashine za kuchomelea. Mota kubwa ikiwashwa moja kwa moja, bila kifaa cha kuianzisha taratibu, inaweza kuvuta umeme mara 5 hadi 8 ya ule inaotumia ikishachanganya. Majirani wote wa transfoma hiyo wanaona taa zikififia.

Ndiyo maana wingi wa umeme nchini hauondoi tatizo hili. Bwawa la Julius Nyerere, lenye mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla megawati 2,115, lilianza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024, baada ya mgao uliosumbua tangu mwishoni mwa 2023. Lakini umeme kutosha kwenye gridi ni jambo moja, na umeme kutulia kwenye soketi ya duka lako ni jambo jingine. Hilo la pili linategemea transfoma, urefu wa laini, nyaya za ndani na mashine za jirani.

Kipimo cha bure

Chukua laptop yenye betri nzima, ichomeke kwenye soketi ileile, uweke programu ileile. Laptop ikimaliza salama huku kompyuta ya mezani inazima, shuku umeme au pawa saplai. Laptop yenyewe ikizima huku betri imejaa na ni nzima, usiilaumu TANESCO. Tafuta joto, RAM au draiva.

Kumbuka laptop yenye betri iliyokufa haina tofauti na kompyuta ya mezani. Umeme ukicheza, inazima.

Andika pia saa. Ikizima saa zilezile ambazo mashine za jirani zinawashwa, na usiku inafanya kazi vizuri, umepata jibu. Peleka orodha hiyo ya siku na saa ofisi ya TANESCO ya wilaya, kwa sababu malalamiko yenye saa ni rahisi kufuatilia kuliko "umeme wenu mbovu".

Stabilaiza au UPS?

Stabilaiza hurekebisha volti zikipanda au kushuka, ila haina akiba. Umeme ukikatika, nayo imekwenda. UPS ina betri, hivyo inakupa dakika kadhaa za kuhifadhi kazi na kuzima vizuri. Kwa kompyuta ya mezani, UPS yenye kurekebisha volti ndani yake inafanya kazi zote mbili.

Lakini UPS ya mapambo zipo nyingi. Betri yake ya kawaida hudumu miaka 3 hadi 5, pengine chini ya hapo kwenye joto. Ipime hivi: hifadhi kazi zote, kisha chomoa UPS ukutani. Kompyuta ikizima papo hapo, betri imekwisha.

Na kosa la steshenari nyingi: kuchomeka mashine ya fotokopi au printa ya leza kwenye UPS au ekstensheni moja na kompyuta. Sehemu inayochoma wino huvuta umeme mwingi kila inapopasha moto. Ipe soketi yake.

Kwenye kambi za wachimbaji zisizo na gridi, usianze kuweka programu huku jenereta inabeba pampu au mashine ya kuchomelea. Tumia laptop iliyojaa chaji.

Vumbi na joto

Wakati wa kiangazi hakuna mvua ya maana, na vumbi la barabara za machimbo linaingia kila mahali. Likijaa kwenye feni, joto halitoki. Prosesa nyingi hujilinda kwa kupunguza kasi zinapokaribia nyuzi joto 100, na joto likiendelea kupanda huzima.

Dalili: feni inapiga kelele, kompyuta inazima baada ya dakika kadhaa za kazi nzito, na ikipoa inawaka vizuri. Zima, chomoa, fungua ubavu, puliza vumbi ukiwa nje huku umeishika feni isizunguke. Kama bado, fundi abadilishe pesti ya prosesa.

Ukiona kapasita zimevimba kwenye mazabodi, usihangaike na programu tena. Na pawa saplai usiifungue mwenyewe. Inabaki na umeme hatari ndani hata ikichomolewa. Namna salama ya kuipima ni kuazima nyingine nzima.

Ukiweka Windows yenyewe

Tangu Microsoft ilipoacha kuhudumia Windows 10 Oktoba 14, 2025, wengi wanahamia Windows 11. Hapa kompyuta kuanza upya mara kadhaa ni kawaida, usiichomoe.

Ila ikirudi kwenye ukurasa wa kwanza wa kuchagua lugha kila inapowaka, inasoma flashi upya. Ikianza upya mara ya kwanza, chomoa flashi ili isome diski. Kama mashine ina RAM chini ya GB 4 au haina TPM 2.0, haijafikia vigezo vya Windows 11.

Sasisho la BIOS ni habari nyingine. Usilifanye kamwe bila betri nzima au UPS iliyopimwa. Umeme ukikatika katikati, mashine inaweza isiwake tena.

Kabla ya kwenda kwa fundi

Nakili mafaili kwenye diski ya nje kwanza. Kama unatunza vyeti na namba za NIDA za wateja, kumbuka Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakutaka uzilinde. Kumwachia mtu mashine yenye taarifa hizo bila makubaliano ni hatari kwako.

Kisha mpe fundi mambo manne: namba uliyoiona kwenye Event Viewer, picha ya skrini kama ipo, saa ambazo huwa inazima, na matokeo ya kipimo cha laptop. Akikwambia bado dawa ni kupiga Windows, muulize swali moja: namba hiyo inaonyesha kosa la Windows, au inaonyesha umeme?