Pumzi ya Wanuri Kahiu na Suala la Bunilizi ya Kisayansi

Katika Isiolo, ambako ukame wa 2020 hadi 2022 uliangamiza mifugo, kisa cha watu wanaopimiwa maji hakiwezi kuchukuliwa kuwa ndoto tu. Kisa hicho ndicho kiini cha Pumzi (2009), filamu fupi ya Wanuri Kahiu, mzaliwa wa Nairobi. Awali alikuwa ametoa From a Whisper (2008), inayohusu shambulio la bomu la 7 Agosti 1998. Baadaye aliandika kitabu cha watoto, The Wooden Camel (2017), kisha akaongoza Rafiki (2018), iliyopigwa marufuku Kenya huku ikialikwa Cannes.

Pumzi inasawiri jamii ya Maitu, miaka 35 baada ya Vita vya Maji. Asha, mhifadhi wa makumbusho, anapokea udongo wenye unyevu. Wakuu wanapomnyima ruhusa ya kutoka, anatoroka, anapanda mche jangwani na kuunywesha maji yake ya mwisho. Uasi wake ni kuuamini udongo kuliko tamko la wakuu.

Je, kazi hii ni yetu? Anwani yake ni ya Kiswahili, ilhali mazungumzo ni ya Kiingereza. Hata hivyo, Katama Mkangi alikwisha kumsafirisha Dzombo angani kwa Kiswahili katika Walenisi (1995). Kwa hiyo, lugha haina upungufu. Hoja yetu ni kwamba mhakiki azisome kazi hizi mbili sambamba, na mwandishi wa Kiswahili auendeleze mche huo.