Boé, nyika waliyoiacha Wareno

Ukienda Boé, pembe ya kusini-mashariki ya Guinea-Bissau, lazima uuvuke mto Corubal. Pale Cheche, tarehe 6 Februari 1969, jeshi la Ureno lilikuwa likiuvuka kurudi nyuma. Kambi yake ya Madina do Boé ilikuwa imezingirwa kwa muda mrefu, na gavana mpya, António de Spínola, aliona nyika ile ya mawe mekundu na watu wachache haistahili watu zaidi kuifia. Askari wa mwisho walijazana juu ya chelezo, mabuti miguuni, wamebeba bunduki na risasi. Chelezo kikapinduka. Watu 47 wakafa maji, katika safari ya kuondoka mahali palipoonekana hapana faida.

Boé ikabaki mikononi mwa PAIGC, chama cha kupigania uhuru cha Amílcar Cabral. Kufikia hapo chama kilikuwa kinaendesha shule, zahanati na maduka ya kubadilishana bidhaa katika sehemu kubwa za mashambani. Tatizo la Cabral lilikuwa moja: Lisbon ilisema hayo yote ni uzushi. Aprili 1972 aliwaingiza watu watatu wa Umoja wa Mataifa, kutoka Ecuador, Sweden na Tunisia, wakatembea msituni kwa siku kadhaa na kujionea wenyewe. Mwaka huohuo akafanya jambo ambalo wapigania uhuru wachache walilijaribu vita vikiwa bado vimepamba moto: akaitisha uchaguzi.

Miezi ya kwanza ya 1972 makada walipita kijiji kwa kijiji, au tabanka kwa tabanka kama wenyewe wasemavyo, kueleza kura ni nini na bunge ni kitu gani. Wengi waliowasikiliza hawakuwa wamepiga kura maishani mwao, na wengi hawakujua kusoma. Kuanzia Agosti hadi Oktoba watu karibu 78,000 walipiga kura ya siri, kwa vikaratasi vya *sim* na *não*, ndiyo na hapana, ili kupata mabaraza ya mikoa. Msomaji aliyepiga kura Tanzania zama za chama kimoja anaujua utaratibu huo bila kufafanuliwa, na anajua pia mipaka yake. Mpinzani hakuwepo, orodha ilikuwa ya chama, nawe unaikubali au unaikataa. Mabaraza hayo ndiyo yalipaswa kutoa wawakilishi 80 wa Bunge la Taifa, na chama kuongeza 40 kutoka kwa makada, askari na mafundi wake.

Wareno nao hawakukaa kimya. Sheria ya mwaka 1972 ilikuwa imeyapa makoloni yao, waliyoyaita majimbo ya ng'ambo, mabunge mapya, na Machi 1973 kura zikapigwa. Bunge la Bissau lilikuwa na viti 17, na kati yake vitano tu ndivyo vilivyogombewa kwa kura ya moja kwa moja. Ili uandikishwe ilibidi ujue kusoma na kuandika. Katika nchi ya watu wapatao nusu milioni, walioandikishwa hawakufika 8,000. Ndivyo ilivyokuwa hata kwa majirani zetu wa ng'ambo ya Ruvuma: bunge la Msumbiji lilikuwa na viti 50, na 20 tu vya kura ya moja kwa moja.

Sharti la kusoma lingekuwa na adabu kidogo kama aliyeliweka angekuwa amejenga shule. Sensa ya 1950 iliwahesabu Waafrika weusi 1,478 tu wa Guinea ya Ureno kuwa "wastaarabu", baada ya karne nyingi za bendera ya Ureno pwani ile. Mtu aliyenyimwa shule aliambiwa sasa kwamba hana kura kwa sababu hajasoma.

Machi hiyohiyo ndiyo PAIGC ilipoanza kuziangusha ndege za Ureno kwa makombora ya Strela, na ukuu wa angani ukaanza kuwaponyoka Wareno. Cabral hakuyaona hayo. Alikuwa ameuawa Conakry tarehe 20 Januari, wiki chache baada ya kutangaza kwamba bunge litaitishwa mwaka huo.

Likaitishwa Boé. Tarehe 24 Septemba 1973 wajumbe walikutana vichakani na kutangaza kuzaliwa kwa dola. Dunia iliambiwa ni Madina do Boé. Wenyeji watakuonyesha Lugajole, kwenye vilima karibu na mpaka wa Guinea ya Conakry. Si ajabu, maana kutaja mahali halisi ilikuwa kuzielekeza ndege. Aliyelisoma tangazo ni João Bernardo Vieira, Spika, kamanda aliyejulikana zaidi kwa jina la msituni, Nino. Tarehe 2 Novemba Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lililaani uwepo wa majeshi ya Ureno huko kuwa ukaliaji haramu wa nchi huru. Ureno yenyewe ilikubali tarehe 10 Septemba 1974, baada ya maofisa wake kuipindua serikali ya Lisbon.

Bunge lililozaliwa kwa vile vikaratasi liliishi miaka saba. Tarehe 14 Novemba 1980 lilivunjwa kwa mapinduzi ya kijeshi, na aliyeyaongoza ni Nino.