Ugeni na Jeraha: Historia Fupi ya Figo Iliyokosa Hewa

Mwaka 1933, katika mji wa Kherson nchini Ukraine, mpasuaji Yurii Voronoy alitwaa figo ya mtu aliyekwisha kufa kwa muda upatao saa sita, akaiunga katika paja la mwanamke kijana aliyekunywa sumu ya zebaki. Figo ilitoa mkojo kidogo, kisha ikanyamaza. Siku mbili baadaye mgonjwa alifariki. Huo ulikuwa upandikizaji wa kwanza wa figo kutoka kwa mtu hadi kwa mtu. Tukiutazama leo twaona ndani yake maadui wawili. Wa kwanza ni ugeni, maana damu ya mtoaji na ya mpokeaji hazikuwa za kundi moja. Wa pili ni ukosefu wa hewa, maana kwa saa zile zote figo haikupata damu wala oksijeni iliyomo katika damu. Madaktari walimpiga vita adui wa kwanza kwa miaka mingi kabla ya kutambua kwamba wa pili ni mshirika wake.

Sababu ya kumwelekea wa kwanza ilikuwa ya haki. Katika miaka ya 1940 Peter Medawar, mwanachuoni wa Uingereza, alionyesha kwamba ngozi iliyopandikizwa hukataliwa na kinga ya mwili, na kwamba ngozi ya pili ya mtoaji yule yule hukataliwa upesi zaidi: mwili hukumbuka. Tarehe 23 Desemba 1954, huko Boston, Joseph Murray na wenzake walihamisha figo ya Ronald Herrick wakampa pacha wake wa kufanana, Richard. Figo ilikaa dakika 82 bila damu, lakini ilifanya kazi, na Richard akaishi miaka minane zaidi. Funzo lililopatikana ni kwamba pasipo ugeni hapana vita. Basi jitihada zikaelekezwa katika kulinganisha tishu na kutafuta dawa za kutuliza kinga. Ama barafu iliyotunza figo za wafu, ilihesabiwa kuwa shauri la ghala tu.

Fikira hiyo ilitikiswa mwaka 1995. Paul Terasaki wa Los Angeles na wenzake walichunguza figo zilizotolewa na mume kumpa mke, au mke kumpa mume. Wenzi wa ndoa si damu moja, na zamani madaktari wengi walisita kupokea figo zao. Hata hivyo, baada ya miaka mitatu, figo 85 katika kila 100 zilikuwa zingali zikifanya kazi, ilhali za wafu zilikuwa 70 tu, ingawa hizo za wafu zililingana zaidi na tishu za wapokeaji. Je, yalikuwa mapenzi? La, kwani watoaji hai wasio na udugu wala ndoa nao walipata 81. Tofauti ilikuwa hii: figo ya mtu hai hutoka katika mwili wenye afya, na hukaa muda mfupi bila damu.

Mwaka mmoja kabla, Walter Land wa Munich alikuwa ametangaza matokeo ya jaribio lake. Wagonjwa waliopewa, wakati wa kupasuliwa, kimeng'enya kizimacho chembe kali za oksijeni, walipatwa na ukataaji wa ghafula asilimia 18.5, wasiopewa, asilimia 33.3. Dawa hiyo haikugusa ugeni hata kidogo, bali iligusa jeraha. Na mwaka huo huo wa 1994 Polly Matzinger alishauri kwamba kinga huamshwa na hatari kuliko ugeni.

Njia ya jambo hili ni ya ajabu. Seli ikikosa oksijeni huishiwa na nishati, ikavimba, na taka ya suksineti ikajilimbikiza ndani yake. Damu irudipo, mitokondria huiunguza taka hiyo kwa pupa na kutoa chembe kali zenye kudhuru. Hivyo pumzi iliyongojewa ndiyo inayoongeza jeraha. Seli zinazokufa humwaga yaliyomo, na hayo huwa baragumu. Seli za doria huamka, huchukua vipande vya figo ngeni hadi kwenye tezi za limfu, na huko huwaonyesha askari wa kinga. Ugeni ambao pengine ungepita kimya sasa hupigiwa mbiu.

Walakini tusimwondoe adui wa kwanza ili kumtawaza wa pili. Figo ya Herrick ilikosa damu dakika 82, wala haikukataliwa: mbiu ilipigwa, lakini askari hawakumkuta mgeni. Ugeni ni kuni, na jeraha ni cheche. Ndiyo maana leo mashine husukuma maji baridi ndani ya figo za wafu badala ya kuziacha zikilala katika barafu, na ndiyo maana hospitali zinazotegemea watoaji hai, kama Muhimbili ya Dar es Salaam ilivyoanza Novemba 2017, zina faida ya muda mfupi. Wanaotuliza kinga kwa dawa hufanya nusu ya kazi. Nusu nyingine hufanywa na wale wanaohesabu dakika.