Uchoraji wa majengo bila rula katika Mombasa bara

Uchoraji wa majengo bila rula ni ufundi wa kuonyesha nyumba, misikiti, makanisa, madaraja na mitaa kwa jicho na mkono tu, pasipo rula, bikari wala kompyuta. Hutofautiana na ramani ya nyumba anayopewa fundi mwashi. Ramani humpa fundi vipimo vya kujengea; mchoro wa mkono humpa mtazamaji sura ya jengo kama lilivyoonekana na mtu aliyekaa mahali fulani, saa fulani. Kwa hiyo mchoraji hajifunzi kunyoosha mistari kwanza. Hujifunza kutazama.

Mombasa bara ni sehemu za mji zilizo nje ya kisiwa: Likoni ng'ambo ya kusini, Kisauni upande wa kaskazini na Changamwe upande wa magharibi, pamoja na maeneo jirani kama Nyali na Jomvu. Sensa ya mwaka 2019 iliihesabia Kaunti ya Mombasa watu 1,208,333, na zaidi ya milioni 1 kati yao waliishi huko bara. Ndiko ziliko nyumba nyingi za Mombasa, na ndiko ziliko nyumba zinazobadilika upesi zaidi bila kuachiwa kumbukumbu.

Historia

Mombasa iliyochorwa zamani ni ya kisiwani. Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 kwa usanifu wa Mtaliano Giovanni Battista Cairati, ilikuwa tayari imeingia vitabuni mwaka 1635, António Bocarro alipoandika habari za ngome za Wareno na Pedro Barreto de Resende akazichorea picha. Kati ya 1846 na 1848 nahodha Mfaransa Charles Guillain alizunguka pwani ya Afrika Mashariki, na safari yake ikazaa albamu ya picha za miji na watu. Mwaka 1966 Peter Garlake alichapisha utafiti wake juu ya majengo ya Kiislamu ya kale ya pwani hii, wenye michoro ya misikiti, makaburi na majumba. Mwaka 1975 Usam Ghaidan akatoa kitabu juu ya mji wa Lamu.

Wote hao walivutwa na jiwe. Nyumba ya miti, udongo na makuti, ambamo ndimo walimoishi watu wengi wa bara, haikupata heshima hiyo. Hata hivyo mikono yenye ustadi haikukosekana huko. Changamwe pana chama cha ushirika cha wachongaji wa Kikamba kilichoanzishwa mwaka 1963, ambapo fundi hushika tezo na kumtoa twiga katika gogo bila kipimo kingine ila jicho lake. Mafundi wa mabango nao huandika majina ya maduka kwa brashi moja kwa moja ukutani, herufi zikasimama sawa. Kuchora nyumba bila rula ni jamaa wa kazi hizo.

Mafunzo rasmi ya usanifu majengo nchini Kenya yalianza Nairobi mwaka 1956, katika chuo kilichokuja kuwa Chuo Kikuu cha Nairobi. Mombasa ina Chuo Kikuu cha Kiufundi, kilichotokana na taasisi ya elimu ya Waislamu iliyojulikana kama MIOME na kupata hadhi ya chuo kikuu mwaka 2013. Lakini mtu hahitaji kuwa mwanachuo ili aanze.

Vifaa

Penseli mbili zinatosha: HB kwa mistari ya mwanzo na 4B kwa vivuli. Kalamu ya wino ya kawaida ni mwalimu mzuri kwa sababu haifutiki. Humlazimisha mwanafunzi kutazama kabla ya kugusa karatasi. Daftari lisilo na mistari la ukubwa wa A5 huingia mfukoni, na kipande cha ubao au jalada gumu huizuia karatasi isipeperuke na upepo wa kusi. Makaa ya jikoni yaliyopoa yanafaa kwa vivuli vizito. Raba iwepo, lakini itumike mwishoni.

Mbinu za msingi

*Mstari.* Mstari mrefu hutoka begani, si kwenye kifundo cha mkono. Mchoraji hutia nukta mbili, hutazama ile ya mwisho, kisha huvuta mara moja. Mstari ukitikisika kidogo si kosa. Kuta za udongo zenyewe hazikunyooka, na mkono unaotikisika kidogo huzionyesha kwa uaminifu kuliko rula.

*Kipimo.* Mkono hunyooshwa mbele bila kukunja kiwiko, jicho moja hufumbwa, na penseli hutumika kulinganisha. Urefu wa mlango huwa kizio: upana wa nyumba ni milango mingapi? Paa ni milango mingapi kwenda juu? Wanaoanza hushangaa kugundua kwamba paa la makuti mara nyingi ni refu kuliko ukuta unaolibeba.

*Upeo wa macho.* Somo hili hueleweka vizuri zaidi ufukweni Likoni. Mtu akikaa mchangani, mstari wa bahari na mbingu uko sawa na macho yake. Akisimama, mstari huo hupanda pamoja naye. Kila mchoro wa jengo una mstari huo hata kama bahari haionekani: mistari ya jengo iliyo juu ya macho hushuka kuuelekea kadiri inavyokwenda mbali, na iliyo chini ya macho hupanda kuuelekea.

*Nukta ya kutokomea.* Mistari inayokwenda sambamba kuelekea mbali huonekana kukutana kwenye nukta moja. Ibn al-Haytham, aliyefariki mnamo 1040, alieleza katika kitabu chake cha elimu ya kuona kwamba mwanga hutoka kwenye vitu na kuingia jichoni. Karne nne baadaye Filippo Brunelleschi wa Florence alionyesha jinsi ya kuuhamishia mtazamo wa jicho kwenye ubao, na mwaka 1435 Leon Battista Alberti akauandikia kanuni.

*Duaradufu.* Duara likitazamwa kwa upande huwa duaradufu. Mdomo wa kisima, sufuria na tangi la maji juu ya nyumba vyote hufuata sheria moja: kadiri duara linavyokaribia usawa wa macho ndivyo linavyobanwa, na likiwa sawa na macho huwa mstari tu.

*Uwazi.* Badala ya kuchora mnazi na ukuta, mchoraji huchora kipande cha mbingu kilicho katikati yake. Umbo hilo halina jina, kwa hiyo akili haiwezi kumdanganya.

*Mchoro wa haraka.* Kimon Nicolaïdes, mwalimu wa sanaa wa Marekani ambaye kitabu chake kilitoka mwaka 1941, alisisitiza kuchora mwendo wa kitu kwa sekunde chache kabla ya umbo lake. Zoezi hili linafaa soko la Kongowea, ambako wachuuzi na mikokoteni havimsubiri mtu.

Nyumba ya Kiswahili kama darasa

Nyumba ya Kiswahili iliyoenea Likoni, Kisauni na Changamwe ni ya mstatili. Mbele kuna baraza. Mlango mkuu hufungukia ukumbi mrefu unaopita katikati, vyumba vikiwa kulia na kushoto, aghalabu vitatu kila upande, na mwisho wa ukumbi kuna uani penye jiko, choo na kisima au bomba. Kuta za asili ni nguzo na fito zilizofungwa, zikajazwa mawe na kukandikwa udongo. Juu kuna mwamba, makombamoyo na makuti ya viungo. Nyingi sasa zimeezekwa mabati, na kuta za matofali zimechukua nafasi ya udongo.

Hakuna picha ya kitabuni inayofundisha nukta ya kutokomea vizuri kuliko ukumbi huu. Mwanafunzi asimame kwenye kizingiti cha mlango wa mbele. Ukumbi una kiza, na mwisho wake mlango wa uani ni mstatili mdogo wa mwanga mkali. Ndani ya mstatili huo, usawa wa macho yake, ndiyo nukta yenyewe. Pembe mbili za sakafu hupanda kuielekea, vichwa vya kuta hushuka kuielekea, na milango ya vyumba hufuatana ikipungua, wa kwanza mpana, wa tatu mwembamba kama ufa. Kisha aketi kwenye mkeka palepale. Nukta hushuka naye, sakafu hubanwa ikawa ukanda mwembamba, na dari hukua. Nyumba ni ileile. Kilichohama ni jicho. Aliyefanya zoezi hili mara mbili hasahau tena.

Nje, kosa la kawaida ni kuchora makuti moja moja. Ukingo wa paa ndio unaoeleza kila kitu. Hapo makuti huning'inia kwa urefu usio sawa, mengine yamekatika, mengine yamepinda kwa upepo, na chini yake kuna kivuli cheusi kinachokaa juu ya ukuta kama utaji. Mchoraji akiutendea haki ukingo huo pamoja na kivuli chake, sehemu iliyobaki ya paa hutoshwa na mistari michache ya kwenda chini. Mabati hutaka kinyume chake: mistari iliyopangika, inayobanana kadiri bati linavyokwenda mbali. Ukuta wa udongo huonyeshwa pale ulipobomoka, fito zikachungulia.

Maeneo mengine ya kujifunzia

- *Frere Town, Kisauni.* Makao haya ya watumwa walioachiwa huru yalianzishwa na wamisionari wa Church Missionary Society (CMS) mwaka 1875. Kanisa la Emmanuel ni la mwishoni mwa karne ya 19. Kengele iliyogongwa kuwaonya wakazi dhidi ya wateka watumwa ndiyo iliyoipa Kengeleni jina. Kengele hiyo ni somo la ukubwa: kitu kidogo kando ya barabara yenye magari mengi.
- *Bombolulu.* Karakana za watu wenye ulemavu zilizoanzishwa mwaka 1969 zina kituo cha utamaduni chenye mifano ya nyumba za jadi za jamii mbalimbali za Kenya. Hapo mwanafunzi hulinganisha nyumba ya duara na ya mstatili kwa siku moja.
- *Daraja la Nyali.* Lilifunguliwa mwaka 1980 badala ya daraja la kuelea la mwaka 1931. Hufundisha umbali na nguzo zinazopungua.
- *Changamwe.* Kiwanda cha kusafisha mafuta kilifanya kazi hiyo kuanzia 1963 hadi 2013. Matangi yake, yakitazamwa kutoka mbali, ni masomo ya duaradufu na ya kivuli kinachozunguka kitu cha mviringo.
- *Stesheni ya Miritini.* Ilifunguliwa mwaka 2017 pamoja na reli mpya ya Nairobi. Paa zake zilizopinda hazikubali mistari iliyonyooka.

Jua na vivuli

Mombasa iko takriban nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Mnamo tarehe 10 Machi na tarehe 4 Oktoba jua la adhuhuri hupita utosini, na kivuli cha upenu huporomoka ukutani moja kwa moja. Katikati ya mwaka jua la adhuhuri huegemea kaskazini kwa nyuzi zipatazo 27, kwa hiyo uso wa kusini wa nyumba hukaa kivulini. Disemba huegemea kusini kwa nyuzi kama 19, mambo yakageuka. Mchoraji anayejua haya huchagua upande wa kukaa kabla ya kufungua daftari. Saa nzuri ni kati ya saa moja na saa tatu asubuhi, na baada ya saa kumi alasiri, vivuli vinapokuwa virefu na kuta kupata umbo.

Kutoka kunakili hadi kubuni

Ubunifu huanza mwanafunzi akishajua kuona. Anaweza kuchora nyumba kana kwamba imekatwa kwa kisu, vyumba na watu wake wakaonekana kutoka upande. Anaweza kuinua paa na kuliacha likielea ili aonyeshe makombamoyo. Anaweza kuchora nyumba moja mara tatu kwenye ukurasa mmoja: ilivyokuwa kwa masimulizi ya mwenye nyumba, ilivyo leo, na ingeweza kuwaje ikiongezwa ghorofa bila kupoteza baraza. Mchoro huu wa tatu ndio unaomfaa fundi na mteja, kwa kuwa wazo linalochorwa mbele ya mtu kwa dakika tano huzungumzika. Mteja anaweza kusema, "Hapo mwanangu umeniziba upepo," na mstari ukahamishwa.

Adabu na tahadhari

Nyumba ni sitara ya watu. Anayetaka kuchora hubisha hodi, huwaamkia wakubwa shikamoo, na huonyesha daftari lake kabla ya kuomba ruhusa. Uani na ndani huchorwa kwa kukaribishwa tu. Maeneo ya ulinzi kama kivuko cha Likoni, kambi ya wanamaji ya Mtongwe, bandari, uwanja wa ndege na matangi ya mafuta yanataka ruhusa ya wenye mamlaka.

Umuhimu

Nyumba ya udongo haibomolewi kwa sherehe. Msimu mmoja makuti huwa mabati, msimu mwingine ukuta wa mbele huwa matofali, kisha baraza hufungwa ikawa duka, na hakuna aliyeandika siku hiyo. Picha ya simu huchukua kila kitu kwa pamoja na mara nyingi hupotea na simu yenyewe. Aliyekaa saa nzima akichora ukumbi ameuliza kwa nini mlango uko pale, nani alikandika ukuta, na fito zilikatwa wapi, na majibu yamo katika mistari yake.

Ndiyo maana mazoea ya mwisho ya kujifunza si ya penseli. Nyuma ya kila mchoro huandikwa mtaa, tarehe, saa, upande jua lilikokuwa, na jina la nyumba kama majirani wanavyoiita. Mchoro wenye makosa ya vipimo lakini wenye maneno hayo matano utamfaa mjukuu wa nyumba hiyo kuliko mchoro mzuri usiojulikana ni wa wapi.