Kukadiria nambari katika JavaScript

Kukadiria nambari katika JavaScript ni kuigeuza nambari yenye desimali iwe nambari nzima, au ibaki na desimali chache. Lugha hii ya programu ilibuniwa na Brendan Eich wa kampuni ya Netscape mwaka 1995.

Matumizi. Katika Kaunti za Meru na Embu, hesabu hii inagusa riziki ya wakulima wa majani chai. Anayepeleka majani mabichi katika viwanda kama Imenti na Michimikuru huko Meru, au Mungania na Rukuriri huko Embu, hupimiwa kwa kilo kwenye kituo cha kununulia, hulipwa kila mwezi, kisha hungoja bonasi. Mbolea ya mkopo hukatwa kwenye malipo. Mwanagenzi anayeandika programu ya hesabu hizo hukutana na desimali kila hatua.

Amri kuu. Tuseme malipo ni shilingi 617.5:

- `Math.round(617.5)` hutoa 618, nusu hupandishwa.
- `Math.floor(617.5)` hutoa 617; hushusha daima.
- `Math.ceil(617.5)` hutoa 618, hupandisha daima.
- `Math.trunc(617.5)` hutoa 617, huondoa desimali tu.

Makato yakiandikwa kama nambari hasi, mambo hubadilika: `Math.round(-617.5)` hutoa -617, ilhali `Math.floor(-617.5)` hutoa -618.

Amri ya `toFixed(2)` hutoa "617.50", lakini hayo ni maandishi, si nambari. Ukiyaongezea 20 kwa alama ya kujumlisha, utapata "617.5020".

Hitilafu za desimali. JavaScript huhifadhi nambari za kawaida kwa biti 64, katika kizio cha mbili, kwa kufuata kanuni ya IEEE 754. Desimali nyingi haziwezi kuandikwa kikamilifu hivyo. Ndiyo maana `0.1 + 0.2` hutoa 0.30000000000000004, na `(1.005).toFixed(2)` hutoa "1.00" badala ya "1.01". Kwa fedha, ni salama zaidi kuhesabu kwa senti nzima: shilingi 617.5 ziwe senti 61750.

Wakati wa kukadiria. Kadiria mara moja, mwishoni. Mkulima aliyepima kilo 12.4 mara tatu ana kilo 37.2, zinazokadiriwa kuwa 37. Programu ikikadiria kila kipimo kivyake, itaandika 12 mara tatu, yaani 36. Kilo nzima ya majani aliyoyachuma kwa mkono itakuwa imepotea bila mizani kuwa na kasoro yoyote, na kosa hilo litajirudia kila mwezi hadi mwandishi wa programu alirekebishe.