Folda yenye tarehe na programu zilizopitwa

Kompyuta ya IBM ilipoingia sokoni Agosti 1981, mfumo wake endeshi, PC DOS, haukujua folda. Faili zote za disketi zilirundikana mahali pamoja, na disketi ya kilobaiti 160 ilikuwa na nafasi ya majina 64 tu, hata kama faili zenyewe zilikuwa ndogo kiasi gani. Nakala rudufu ilikuwa disketi ya pili: mtu aliinakili ya kwanza nzima kwa amri ya DISKCOPY, akaandika tarehe kwenye lebo ya karatasi, akaifungia kabatini. Aliyeulizwa barua ya mwezi uliopita iko wapi alisoma lebo, hakuwasha kompyuta. Ninachodai ni kwamba uzito wa kazi hii tangu mwanzo ulikuwa kwenye lebo kuliko kwenye kunakili, na kwamba watu waliojiandikia skripti za mistari michache walilielewa jambo hilo vizuri kuliko kampuni zilizotengeneza programu rasmi za nakala.

Folda zenyewe zilikuja Machi 1983, pamoja na DOS 2.0 na kompyuta ya IBM PC XT yenye diski kuu ya megabaiti 10. Wazo la folda ndani ya folda lilikuwa la zamani. Daley na Neumann walikwisha lieleza mwaka 1965 walipobuni mfumo wa faili wa Multics, Unix ikalirithi, na Microsoft ikalichukua huko. Kwa kuwa DOS ilikuwa tayari inatumia mkwaju wa kawaida kutangulia swichi za amri, njia za folda zikapewa mkwaju uliolalia nyuma. Kuinakili diski hiyo ikijaa kulihitaji karibu disketi 30, ndiyo maana DOS 2.0 ilikuja na amri iitwayo BACKUP. Lakini katika DOS 3.3 ya 1987 amri hiyo ilizifunga faili zote za disketi ndani ya faili moja, BACKUP.001, na orodha yake ndani ya CONTROL.001. Bila RESTORE hukuweza kusoma hata barua moja. Mwaka 1993 MS-DOS 6 ikaja na programu nyingine yenye mpangilio wake. Baadaye Windows NT ikawa na NTBackup na faili zake za .bkf, kisha Vista ikaiondoa, na Microsoft ikalazimika kutoa programu ya pembeni ya kufungulia nakala za zamani. Kila kizazi kilifunga sanduku kwa kufuli yake, na kilichofuata kikaja na ufunguo mwingine.

Wakati huohuo XCOPY ilikuwa imetoka na DOS 3.2 mwaka 1986, na yenyewe haikufunga kitu. Iliuhamisha mti mzima wa folda kama ulivyo. Kwa swichi ya /M ilichukua faili zenye alama ya kuonyesha kwamba zimebadilika tangu nakala ya mwisho, kisha ikaifuta alama hiyo. (Skripti mbili zikitumia /M kwenye folda moja, ya kwanza huinyima ya pili: hufuta alama, ya pili ikakuta hakuna cha kuchukua.) Ukiiweka amri hiyo ndani ya faili ya .bat, na mahali pa kupeleka pakawa folda yenye jina la siku, kama D:\Nakala\2009-03-04\Hesabu, lebo ya karatasi imeingia ndani ya diski. Folda hiyo husomeka na Windows yoyote iliyofuata, na hata na mfumo usio Windows.

Ugumu ulikuwa kuipata tarehe. Kwenye Windows iliyopangwa Kimarekani, %DATE% ilitoa Wed 03/04/2009, kwa hiyo waandishi wa skripti walikata herufi kwa kuhesabu nafasi kuanzia sifuri: mwaka kuanzia ya 10, mwezi ya 4, siku ya 7. Skripti hiyohiyo ikifika kwenye kompyuta inayotanguliza siku, kama tunavyoandika Afrika Mashariki, ilikuta 04/03/2009. Mwaka ukatoka mtupu, mwezi ukawa 3/ na siku 00. Mkwaju ukaingia kwenye jina la folda, na amri za DOS huusoma kama mwanzo wa swichi. Kiwango cha ISO 8601 cha 1988 kilikwisha pendekeza mwaka-mwezi-siku, mpangilio ambao pia huzipanga folda kwa wakati bila juhudi. PowerShell ilipotoka 2006, mtu aliweza kuomba tarehe kwa umbo hilo moja kwa moja.

Wapo watakaosema kila folda ya tarehe inakula nafasi bure. Ni kweli ukinakili kila kitu kila siku. Ukinakili yaliyobadilika tu, nafasi inapona, ila siku ya maafa utakusanya vipande kutoka folda nyingi, na gharama hiyo siikatai. Wengine huelekeza kwa Robocopy, kazi ya Kevin Allen wa Microsoft, iliyoanza katika nyongeza za Windows NT 4 na kuingia ndani ya Windows yenyewe kwa Vista. Ni chombo imara, lakini swichi yake ya /MIR hufuta upande wa pili chochote kilichofutwa upande wa kwanza. Kosa la leo asubuhi linakuwa kosa la nakala jioni. Bila folda ya tarehe hicho ni kioo tu. Isitoshe, ikikuta faili iliyofungwa na programu nyingine, mpangilio wake wa kawaida ni kujaribu mara 1,000,000, ikisubiri sekunde 30 kila mara, yaani karibu mwaka mzima kwa faili moja. Mwandishi makini huongeza /R na /W kabla ya kulala.

Pingamizi lenye nguvu zaidi lilikuja Mei 2017 na WannaCry, iliyofunga faili kwa maandishi ya siri na kudai malipo. Programu ya namna hiyo ikikuta diski ya nakala bado imechomekwa, hufunga folda za tarehe zote, za jana na za mwaka juzi, bila kubagua. Hapo usomekaji niliousifu haumlindi mtu, na sanduku lililofungwa kwa .bkf lisingemlinda pia. Kinachobaki ni diski iliyochomolewa, nayo hurudi kabatini ilikokuwa disketi ya 1981.